Hukumu Si Hundi

Idrisa mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako, na baba yako amesinzia mbele ya televisheni huku akidai anaangalia taarifa ya habari. Nimeketi mezani jikoni nikuandikie leo, kwa sababu kesho pale uwanja wa ndege nitakuwa na kazi moja tu, kujizuia nisilie mbele za watu, na maneno haya hayatapata nafasi.

Sikuandikii habari za koti, wala chakula, wala swala. Koti unalo. Kupika nimekufundisha, ingawa wali wako bado una kiini. Swala ni baina yako na Mola wako. Na naandika Kiswahili kwa makusudi. Najua mtu akikusemesha Kiswahili unamjibu kwa Kiingereza, lakini kusikia unasikia vizuri sana, hasa unaposengenywa. Basi isome kwa sauti, maneno yatakuingia kwa sikio.

Nataka kukueleza habari ya Harun, tangu mwanzo hadi mwisho. Jina ulilisikia utotoni, likipita ukutani tulipokuwa tukizungumza na baba yako, ila kisa chenyewe hujawahi kukisikia. Nimekumbuka kukuhadithia kwa sababu wiki iliyopita ulisimama hapa hapa ukaniambia wewe na rafiki yako Devon mnafungua shughuli yenu ya umeme huko Edmonton. Nikakuuliza mmeandikiana nini. Ukacheka. "Ma, relax. He's like my brother." Eti ni kama ndugu yako. Nikaendelea kumenya viazi. Sikunyamaza kwa kukubali. Nilikuwa namkumbuka mtu aliyekuwa akiniita dada.

Ulikuwa darasa la nne. Tulikuwa bado tunakaa kwenye lile jengo la Kipling ambalo lifti yake ilipanda siku ikijisikia. Baba yako alikuwa akiendesha lori hadi Winnipeg, anarudi amechoka kiasi cha kulala na viatu. Mimi nilikuwa nimeacha kazi ya ghalani nikaanzisha shughuli ya usafi: tunasafisha nyumba mpya mafundi wakishamaliza kujenga, kabla mwenyewe hajahamia. Watu hudhani ni kudeki tu. Vumbi la plasta, mwanangu, linaingia mpaka ndani ya droo zilizofungwa, na gundi ya vioo haitoki ila uibembeleze kwa wembe bila kukwaruza kioo. Nilikuwa na wenzangu wawili. Mama Zawadi, Mkongomani wa Bukavu, mama wa makamo mwenye nguvu za kubeba ngazi peke yake. Na Wanjiru, binti wa Kikenya aliyekuwa akisoma chuo cha uuguzi, anafanya kazi nasi siku asizokuwa na masomo.

Harun alikuwa mkandarasi, mtu wa Tanga kama mimi. Tulifahamiana kwenye baraza la Idi, na tulipogundua kwamba shangazi yake alinifundisha shule ya msingi, basi, undugu ukawa umekamilika. Alikuwa amepata kazi ya kumalizia safu ya nyumba kule Malvern, akanipa usafi wake wote. Miezi ya kwanza alilipa vizuri, hundi kila Ijumaa. Nilikuwa nikirudi na basi nimeikumbatia pochi, najiona tajiri.

Kisha Ijumaa moja akasema, "Dada, wenye nyumba wamechelewesha. Wiki ijayo." Nikasema haya. Wiki iliyofuata akaongeza kazi badala ya kulipa. "Malizieni na zile za upande wa pili, nilipe yote kwa pamoja." Tukamaliza. Akaanza kutopokea simu. Na mimi, badala ya kusimamisha kazi, nikaendelea kwa kuona kwamba nikisimama nitamuudhi na hizo za nyuma zitapotea. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na wateja wangu wa leo, wanaonijia kudai haki zao, karibu wote wamekosea hapo hapo: tunaongeza kazi juu ya deni ili tulilinde deni.

Wenzangu niliwalipa nusu kutoka kwenye akiba yetu, ile tuliyokuwa tukiiweka ya kutafutia nyumba. Nusu nyingine sikuwa nayo. Mama Zawadi alikuja nyumbani, akaketi, akakataa chai.

"Mama Idrisa," akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "mimi sikatale kungoja. Lakini loyer hainaga urafiki." Kodi ya nyumba haina urafiki. Wanjiru yeye aliacha tu kuja, nikasikia ameahirisha muhula.

Unaona tofauti? Ningekuwa peke yangu, huenda ningemwachia Mungu, kama baba yako alivyonishauri. Lakini deni lile halikuwa langu pekee. Ndani yake mlikuwa na ada ya Wanjiru na kodi ya Mama Zawadi. Usithubutu kusamehe kitu kisichokuwa chako.

Harun nilimpeleka kwanza kwa wazee. Tulikutana chumba cha nyuma cha msikiti, Mzee Abeid akiwa katikati yetu. Mzee yule alikuwa na nia njema kabisa. Akasema, "Mambo ya nyumbani tuyamalize nyumbani. Mahakama ya nini baina ya ndugu?" Harun akaweka mkono kifuani. Akaahidi mbele yao wote, akamwaga na machozi kidogo. Tukasoma Fatiha. Wake wa wazee wakanisifu kwa subira yangu, nami nikaipenda sifa hiyo, nikakaa nayo mwaka na ushei huku Harun akinunua gari jipya.

Aliyeniamsha ni Bi Filomena. Ninyi mnamjua kama bibi wa biskuti za Krismasi, lakini wakati huo sikuwa nimewahi kumwona. Mgoa mzaliwa wa Upanga, Dar es Salaam, msaidizi wa sheria mwenye leseni na ofisi yake ndogo juu ya duka la nguo pale Rexdale. Jirani alinielekeza. Niliingia nikaanza kujikakamua kwa Kiingereza, akaniacha nihangaike kidogo, halafu akasema, "Mama, sema Kiswahili tupumzike wote."

Nikamweleza. Nikamwambia kwa fahari kwamba nimeshajaza madai mwenyewe na kuyapeleka mahakamani wiki ile ile. Akayasoma.

"Umemshtaki nani?"

"Harun. Na kampuni yake, hii hapa, jina lililoandikwa ubavuni mwa gari."

"Na hundi alizokulipa mwanzo, zilikuwa na jina gani?"

Nilikuwa na nakala ya moja. Nikaitoa. Haikuwa na jina lolote la kwenye gari. Ilikuwa na namba ndefu, na baada ya namba, neno Ontario, jina la jimbo letu.

"Basi huyo ndiye aliyekuajiri," akasema. "Kampuni ya namba, iliyosajiliwa kwa namba badala ya jina. Hilo la kwenye gari ni rangi tu. Ungeshinda kesi dhidi ya rangi." Akatazama kalenda ukutani. "Na sheria ya hapa inakupa miaka miwili kudai, basi. Wazee wako wamekula karibu yote. Turekebishe leo, si kesho."

Tukarekebisha siku hiyo. Nilipotoka pale ndipo nilipoona jinsi haki yangu ilivyokuwa imebaki kipande chembamba, nami nikiwa nyumbani nasifiwa subira.

Kesi ilisikilizwa North York, kwenye ile mahakama ya madai madogo. Harun alikuja na suti na hoja mpya: kwamba tulikwaruza sakafu. Jaji akamuuliza kama aliwahi kulalamika wakati ule. Akasema alilalamika kwa mdomo. Jaji akamuuliza kwa nini basi alituongezea nyumba nyingine za kusafisha. Mama Zawadi alitoa ushahidi kwa Kifaransa kupitia mkalimani, na alipoulizwa kama anajua tofauti ya mkwaruzo na gundi, akainua mikono yake, makovu ya wembe kwenye kila kidole. Tulishinda. Kila kitu, na riba.

Nilinunua keki. Nikaipeleka ofisini kwa Bi Filomena, nikiwa nimevaa vizuri na nimejipaka wanja. Akakata kipande kidogo, akanitazama kwa huruma.

"Hongera, Mama Idrisa. Lakini usile yote leo. Hukumu si hundi."

Sikumwelewa. Nilidhani mahakama ikishasema, serikali inakwenda kumkamata mtu mfukoni. Nilingoja simu. Nikaenda mwenyewe dirishani kuuliza lini nitalipwa, na karani, kijana mpole, akanieleza kwamba mahakama haimdai mtu kwa niaba yangu. Imeniambia ninastahili. Kutafuta ni juu yangu. Nilirudi na basi la Kipling nikilia bila kujificha. Ukaniona nilipoingia, ukaniletea maji, ukauliza kama tumefukuzwa nyumba. Nikakuambia hapana, tumeshinda. Ulinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, na ulikuwa na haki.

Kukazia hukumu, yaani kuhakikisha inalipwa, ndiko kazi iliko. Tulimwita Harun aje mahakamani aeleze kwa kiapo kampuni yake ina nini. Hakuja. Tukamwita tena, safari hii kujibu kwa nini asitiwe hatiani kwa kuidharau mahakama. Nchi hii haifungi mtu kwa deni, mwanangu, ila kwa kudharau wito inaweza. Alikuja mapema kuliko sisi.

Kabla hatujaingia, Bi Filomena aliniambia maneno ambayo nayatumia mpaka leo. "Usimuulize ana nini. Atakuambia hana. Muulize anafanya nini."

Nilimuuliza mwenyewe, yeye Bi Filomena akiwa kando yangu. Benki? Akaunti imekauka. Magari? Ya mkopo. Vifaa? Vya shemeji. Alikuwa ametulia, anajibu karibu kwa tabasamu. Nikafunga faili. Nikamuuliza kwa Kiswahili kwanza, mkalimani akatafsiri, "Na siku hizi shughuli zinakwendaje, kaka? Una kazi?"

Idrisa, kuna watu hawawezi kuvumilia kuonekana hawana kazi. Harun alinyooka kitini. Akasema yeye hajawahi kukosa kazi. Sasa hivi anamalizia ukumbi mkubwa wa harusi kule Markham, marumaru kutoka Italia, taa za kuning'inia, kazi ambayo si kila fundi anaiweza.

"Mashallah. Na mwenye ukumbi ni nani?"

Akamtaja.

"Amekulipa yote?"

"Bado sehemu ya mwisho, tukikabidhi mwezi huu..." Akakoma. Nikaona macho yake yakifika pale maneno yake yalipokwisha kufika.

Alikuwa ameshaapa na kila neno limeshanaswa. Kesho yake Bi Filomena alichukua amri ya mahakama, ikapelekwa kwa mwenye ukumbi: hizo fedha unazodaiwa na kampuni ya namba fulani, usiilipe kampuni, zilete mahakamani. Na mwenye ukumbi, mtu ambaye hakuwa na ugomvi na yeyote, akazileta. Zilifika zote. Mama Zawadi alipopokea zake alizihesabu mara mbili mbele yangu, bila haya, halafu ndipo akanywa chai. Wanjiru alirudi chuoni. Leo ni muuguzi Hamilton, wewe mwenyewe umekula harusini kwake.

Lakini haikuishia hapo, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Harun alinipigia simu. "Dada, umenikata miguu. Zile zilikuwa za mafundi wangu. Umewanyang'anya maskini wenzako." Aliongea vizuri mpaka nikaketi. Sikulala vizuri usiku ule. Nilijiona nimetoa mzigo mgongoni mwa Mama Zawadi nikautwika mtu mwingine nisiyemjua. Asubuhi nilimwendea Bi Filomena nikamwambia nataka kurudisha sehemu. Akasema, "Ni zako, fanya utakavyo. Lakini kwanza mwambie alete majina yao. Tutawalipa wao, mkononi."

Nikampigia. Nikamwambia alete majina tu. Akasema ataleta. Hakuleta.

Waliokuja ni mafundi wenyewe. Wawili, Mtanzania wa Moshi na mwenzake Mrundi, wamesikia habari kwa Mama Zawadi. Nilikuwa pale ofisini siku hiyo. Nikawauliza kama ni kweli nimechukua mshahara wao. Yule wa Moshi akanishangaa. "Mama, sisi anatudai tumwamini tangu majira ya baridi. Ukumbi wa Markham ni kazi ya tatu bila malipo. Wewe ndiye mtu wa kwanza tuliyesikia amelipwa."

Ningekuwa nimempa Harun zile fedha kwa huruma, zingekwenda zilikokwenda nyingine. Huruma ni kitu kizuri, mwanangu, sikufundishi ukatili. Ila huruma nayo iulize majina.

Nikakaa nao, nikawatafsiria, kwa sababu Kiingereza chao kilikuwa cha kazini tu. Jioni Bi Filomena akaniambia, "Uje na kesho." Ndivyo nilivyoanza kazi ambayo imekusomesha. Nilisoma jioni mwaka mzima na zaidi, nikiwa mkubwa kuliko mwalimu, nikafanya mtihani wa leseni, nikapita. Ulikuwa unanishikia kitabu unanihoji, kumbuka. Ulikuwa unatamka vibaya yale maneno ya Kilatini na mimi nikayakariri hivyo hivyo vibaya.

Faili la mafundi wale lilikuwa la kwanza kulishika kwa mikono yangu. Kampuni ya namba ilikuwa imekwisha kufa, lakini mshahara wa mfanyakazi si sawa na deni jingine, unaweza kumfuata mkurugenzi mwenyewe. Tukapata hukumu dhidi ya Harun kwa jina lake, lile alilopewa na mama yake. Tukapekua daftari za ardhi, tukakuta nyumba ina majina mawili, la mkewe na lake. Tukaweka zuio juu ya fungu lake. Hatukumtoa mtu ndani. Watoto wake waliendelea kulala vitandani mwao. Tukangoja tu.

Yule Mrundi alikuwa akinipigia kila mwezi, anaona nimewasahau. Nikawa namwambia hali ilivyo, hata pale hali ilipokuwa haina jipya. Niliwahi kuwaficha Wanjiru na Mama Zawadi ukweli wiki nzima nzima nikitafuta habari njema ya kuwapelekea. Sikurudia. Mtu anayekungoja anaweza kubeba habari mbaya, kimya ndicho kinachomvunja.

Ulikuwa umeshaingia sekondari siku mwanasheria wa benki aliponipigia. Harun anataka kubadilisha mkopo wa nyumba, na benki haitoi mpaka zuio liondoke. Akaja mwenyewe na hundi ya benki, nywele zimeingia mvi. Aliweka hundi mezani, akasimama kidogo.

"Wewe mwanamke," akasema, "hukuchoka?"

"Nilichoka sana, kaka. Lakini kuchoka si kusamehe."

Akacheka, wallahi, akacheka kweli. Nikampa risiti, nikamsindikiza mpaka mlangoni. Tukikutana Idi tunasalimiana, tunaulizana watoto. Mzee Abeid, Mungu amrehemu, kabla hajafa alianza kuwaleta wenye migogoro kwangu, anawaambia, "Suluhuni hapa, lakini mwandikishe."

Basi, habari ndiyo hiyo. Devon nampenda. Amekula chakula changu tangu ana meno ya utoto. Na kwa kuwa nampenda, nataka mwandikiane: nani ameweka nini, nani anasaini hundi, mmoja akitaka kutoka anatokaje. Harun naye hakuanza mwizi. Alianza mtu mwenye kazi nyingi na aibu ya kusema sina. Andikeni mkiwa bado mnacheka pamoja, halafu endeleeni kucheka.

Wateja wako wajue kwa majina yao ya kisheria kabla hujagusa waya. Bahasha ikija ya mahakama, ifungue siku hiyo hiyo. Kuna kijana alinijia na bahasha tatu zilizofungwa bado, amehukumiwa bila kuwepo kwa deni ambalo hata halikuwa lake. Hofu yake ilimgharimu kuliko mdai wake. Na itakuja siku wewe ndiye utakayekuwa huna cha kumlipa mtu. Itakuja tu, shughuli ndivyo zilivyo. Siku hiyo mpigie wewe, kabla hajakupigia, umwambie sina, na umwambie lini.

Nasikia ufunguo wako mlangoni, na unajaribu kuvua viatu kimyakimya kama mwizi. Nitaikunja hii niitie kwenye begi lako kesho ukiwa unaoga. Sina wasiwasi na wewe, Idrisa. Una mikono mizuri, una akili, na una mama anayejua sheria. Ukidaiwa, lipa. Ukidai, dai. Ukikwama katika mojawapo, nipigie. Hata nikiwa mbele ya jaji, nitaomba radhi nitoke nje nikupokee.

Mama yako